Mwaka Nilioolewa kwa Ajili ya Pua Yangu

Wakati watu wanarusha konzi zao za udongo kwenye kaburi la Mwita, mimi nilikuwa nawaza mitungi. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutubu, ndivyo ilivyokuwa. Mchungaji anaomba, wanawake wa Turwa wamekaa chini ya turubai na kanga zao kichwani, mjane wake Bhoke ameshikiliwa huku na huku, na mimi kichwani nina jambo moja tu: mvinyo umeiva, mitungi inafunguliwa wiki hii, na aliyekuwa akiionja ndiye huyu tunayemfukia. Sikungoja chakula kigawiwe. Nikapita njia ya migombani, nikafungua kufuli ya nyumba ya mitungi, nikakaa kwenye kigoda na kulia kwa sauti ambayo sikuweza kuitoa mbele za watu. Jamani, mimi huyu! Mtu ambaye mwaka wangu wa kwanza hapa Tarime nilimwombea kila baya, leo nimemlilia kuliko nilivyowalilia ndugu zangu wa damu. Nilipomaliza nikabaki nimekaa palepale kwenye ubaridi wa udongo wa mitungi, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ya kwetu nitayaacha, hayana msaada hapa. Itoshe kusema nilitoka upande wa Serengeti, kule Morotonga, nilikuwa mtu mzima tayari wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nauza asali mnadani Mugumu. Siku moja akaja mama mmoja wa Kikurya, mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu na jua lile la kuchoma utosi. Hakuuliza bei. Akaniambia, "Funga macho," akawa anafungua madebe yangu moja moja na kuniletea karibu na uso. Nilidhani ana wazimu kidogo, lakini mteja ni mteja. Nikamwambia hii ni ya migunga. Hii mrinaji amefukiza nyuki kwa kinyesi cha tembo. Hii ya tatu ilikaa kwenye debe lililowahi kuwekwa mafuta ya alizeti. Alipofika debe la mwisho nikafungua macho. "Hiyo imeongezwa sukari, mama. Ni yangu, lakini usiinunue." Akacheka kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akanunua ile ya migunga, akauliza jina langu na kwetu ni wapi, akaondoka. Msimu wa mavuno ulipokwisha alirudi na wazee wawili na ng'ombe. Alikuwa amekuja kunioa.

Wasomaji wa mbali hapa watashangaa, basi nieleze. Kwa Wakurya mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake, ili yule azae watoto wa nyumba ile na jina lisipotee. Wanaita nyumba ntobhu. Mume katika ndoa hiyo ni yule mama, na mwanamume anayekuja kuzaa na mke hana lake, mtoto si wake. Huyo wa kwangu sitamtaja humu ndani, kwa mila ile hakutakiwa kutajwa na kusema kweli hata bila mila nisingemtaja. Mama yule aliitwa Wankuru. Nilikubali kwa hiari yangu, watu wasije kusema nilisukumwa. Nilikuwa nimechoka kukaa mahali ambapo hakuna anayeuliza niko wapi.

Nyumba ya Wankuru ilikuwa na vyumba viwili vya kuishi, jiko lake nje, na nyuma, chini kidogo ya mteremko, nyumba ya mitungi. Ile ya nyuma ndiyo iliyojengwa vizuri. Kuta zake nene za udongo, paa la nyasi chini hadi lazima uiname, haina dirisha. Humo mlikaa mvinyo wa ndizi na asali. Wankuru alikasirika mtu akiuita pombe. "Pombe inanywewa kabla haijajua jina lake," alikuwa akisema, "huu unakaa." Alitengeneza kama mama yake alivyotengeneza pombe ya ulezi, kwa kimea cha ulezi kilichokaangwa, ila akaongeza juisi ya ndizi mbivu na asali, akaziba mitungi kwa majani ya mgomba na udongo wenye majivu, akaiacha miezi. Hamira ya dukani haikuingia. Mashapo ya mwaka uliopita yalibaki chini ya mtungi, ndiyo yaliyoamsha wa mwaka huu, na mtu kuosha mtungi kwa sabuni pale nyumbani ilikuwa sawa na kumfukuza mgeni. Shambani ni hivyohivyo: hakuna dawa, hakuna mbolea ya mfuko. Tuliloweka samadi na majivu kwenye chungu kilichovunjika shingo, tukikoroga asubuhi, na mwezi unapopungua tukarashia mashina kwa ufagio wa majani ya mgomba, kwa sababu mwezi ukipungua nguvu inashuka mizizini. Siku hizi wanakuja vijana kutoka mjini wanaita kilimo hai, wanapiga picha, na wenye hoteli za Mugumu wananunua chupa kwa sababu hiyo. Wakati ule tuliita kazi.

Chakula cha siku yangu ya kwanza ninakikumbuka vizuri kwa sababu ndicho kilichonifungulia siri. Ugali wa mtama na muhogo, dagaa wa Musoma, na maziwa yaliyokuwa yanachemka jikoni. Tumekaa jikoni wote wawili, ananieleza habari za migomba. Nasikia maziwa yanaanza kuungua. Nikangoja, mimi mgeni, siwezi kuinuka na kushika sufuria ya mwenye nyumba. Harufu ikazidi, ikawa ya kukata koo, na Wankuru anaongea tu, amekaa pembeni kabisa mwa mafiga, mgongo kwa moto. Mwishowe nikasema, "Mama, maziwa." Akageuka. Akatazama ule moshi kama mtu aliyepigwa kofi. Akaepua sufuria, akakaa, akaninyooshea kidole puani. "Sasa unajua kwa nini nimekuoa," akasema. "Mimi sisikii harufu yoyote. Moshi wa shimo la kuivishia ndizi umeila pua yangu miaka yote hii, na msimu uliopita ikaisha kabisa. Chumvi najua. Uchungu najua. Ukali najua. Lakini mvinyo unaanza kuharibika kwa harufu kabla haujafika ulimini, na ulimi ukijua umechelewa. Wanaume wa ukoo wanadhani nimeoa tumbo. Nimeoa pua."

Nilidhani nitakasirika. Badala yake nilifurahi, tena sana. Tumbo angeweza kulipata popote.

Ilikuwa lazima iwe siri, na sababu yake ilikuwa na jina: Mwita, mdogo wa marehemu mume wa Wankuru. Kwa kuwa Wankuru alikuwa mume wangu, Mwita akawa shemeji yetu sote wawili, na hakukuwa na siku aliacha kututania kwa hilo. Mwanamume mnene wa shingo, sauti kubwa, anaingia uani bila hodi, na kila akija lazima ashike shina la mgomba mmoja na kulitikisa kama anajaribu jino. Desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi: siku ya kufungua mitungi wazee wanakuja, na mwenye nyumba anaonja kila mtungi mbele yao na kutamka. Huu unywewe. Huu usubiri. Huu umwagwe. Wazee wanakunywa kwa mirija yao baada ya yeye kusema, na wanajua kama amesema kweli. Anayeonja ndiye mwenye nyumba. Mwita alisema wazi, tena mbele yangu, nikiwa nimeshika sahani ya kumhudumia: "Siku Wankuru atakapokosea mtungi mmoja, shamba linarudi kwa ukoo. Nitaweka sukari na hamira, tutauza kila wiki, tuache huu uganga wa mwezi." Wankuru akamwambia amalize dagaa wake aende.

Kwa hiyo tukatengeneza njia yetu. Desturi inamtaka mke achote mvinyo kwenye pembe ya ng'ombe na kunywa kidogo mwenyewe kwanza, kuonyesha hakuna sumu, ndipo ampe mwenye nyumba. Hapo ndipo pua yangu ingefanya kazi. Nikimpa pembe kwa mikono miwili, mvinyo uko tayari. Nikimpa kwa mkono wa kulia na wa kushoto umeshika kiwiko, usubiri. Nikipangusa kwanza mdomo wa pembe kwa kanga, umeharibika. Tulifanya mazoezi jikoni na maji, Wankuru amekaa kama mzee wa baraza, mimi napiga magoti, hadi tukaanza kucheka.

Lakini mwaka ule haukuwa wa kucheka, nisidanganye. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa Mugumu. Kikurya sikukijua, na kinafanana na lugha ya kwetu kiasi cha kukuchanganya tu. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika, halafu wakaendelea kwa Kikurya, na neno pekee nililolikamata lilikuwa jina la Wankuru. Kwenye mashine ya kusaga niliwahi kumsikia nesi mmoja mgeni, wa kutoka Singida nafikiri, akimuuliza mwenzake kwa Kiswahili, "Sasa huyo akiumwa, anamwambia nani, mume wake bibi?" Wakacheka, si kwa ubaya. Nilibeba unga wangu nikarudi. Kilichoniuma ni kwamba swali lilikuwa la haki. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, hakuna aliyenikataza mbele, na hakuna aliyenisogezea nafasi.

Jioni ndiyo iliniponya. Baada ya kula, Wankuru alinituma nyumba ya mitungi nikatie pua kwenye kila tundu dogo tuliloliacha kwenye udongo, nirudi jikoni nikae mbele yake. Kisha anasema neno moja: "Niambie." Mwanzoni nilisema nzuri, mbaya, tamu. Alinikatiza. "Hayo ni maneno ya mnunuzi. Niambie." Nikajifunza kusema. Wa kushoto una harufu ya jani la mgomba likishika moto kidogo. Wa katikati ni nguo mpya haijafuliwa. Ule mkubwa, Mama, asubuhi ulikuwa ndizi, sasa ni kama mvua ikianza kupiga vumbi la barabarani. Alifumba macho, midomo ikawa inatembea, akiyarudia maneno yangu kimyakimya. Wakati mwingine aliomba vitu visivyohusu mvinyo. Mtoto wa jirani alipokuja kuazima moto, akiondoka tu Wankuru akauliza, "Huyu mtoto ananukiaje? Wa dada yangu alikuwa ananukia maziwa shingoni. Bado wananukia?" Nikamwambia ndiyo, Mama, bado. Akatikisa kichwa akachochea moto. Hakuna mtu kabla wala baada yake aliyewahi kunisikiliza hivyo, na mimi nilikuwa nikitembea mchana kutwa nakusanya harufu ili nipate cha kumpelekea.

Zikiwa zimebaki siku chache mitungi ifunguliwe, niliamka nikaenda kukamua ng'ombe na maziwa yakanuka chuma. Nikadhani ndoo ina kutu. Nikaenda jikoni, moshi unanuka chuma. Dagaa hata sisemi. Nikakimbilia nyumba ya mitungi nikainama kwenye tundu la kwanza, na kilichopanda puani kilikuwa mafuta ya taa. La pili, mafuta ya taa. Mitungi yote, mafuta ya taa, na nikatapika mlangoni. Nilikaa pale kwenye kizingiti nikahesabu kwa kichwa mwezi wangu, nikajua. Wanawake wengi wanaijua asubuhi ile kwa furaha. Mimi niliijua kwa hofu tupu, kwa sababu nilichoolewa kwa ajili yake kilikuwa kimeondoka.

Nilimkuta Wankuru anachambua ulezi. Nikamwambia bila kuzunguka, kwa kuwa nilijua nikizunguka sitamaliza. "Mama, nina mimba. Na pua imekufa. Kila kitu ni mafuta ya taa."

Akaweka ungo chini. Akanitazama, akatazama nyumba ya mitungi, akanitazama tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi ikabidi ashike ukuta. "Loo! Nimeoa pua nimepata tumbo," akasema. "Wazee wamenishinda."

"Na siku ya mitungi tufanye nini?"

"Sijui," akasema, akajifuta macho kwa kanga, na niliona kwamba si kicheko peke yake kilichoyalowesha. "Sijui, mwanangu. Leta maji tuchambue ulezi."

Siku ya kufungua ilipofika wazee walikuja asubuhi, wanne, na fimbo zao na mirija yao. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, nikawapa viti. Mwita akafika wa mwisho na shati jeupe, kama mtu aliyealikwa harusi. Alikuwa amekwisha kunusa jambo, huyo. "Shemeji," akamwambia Wankuru kwa sauti ya watu wote kusikia, "mwaka huu pua yako ni nzima? Maana siku zile nilipita hapa nikakuta maziwa yanaungua na nyie mmekaa tu." Wankuru akamjibu, "Kaa chini, Mwita, hata kiti hujapewa unauliza pua." Wazee wakacheka kidogo. Nikabandua udongo wa mtungi wa kwanza, nikachota kwa pembe, nikainua mdomoni, na ile harufu ya mafuta ya taa ikanipiga. Nikajikaza nisitapike. Nikapiga magoti mbele ya Wankuru na pembe mkononi, sijui mikono niiweke vipi. Miwili? Mmoja? Nilibaki nimeishikilia tu, nikimwangalia usoni, na nikamwona Mwita anaegemea mbele.

Wankuru hakuipokea pembe. Akasimama.

"Wazee, mwaka huu mimi sionji."

Mzee mkubwa kati yao akauliza kwa nini.

"Kwa sababu mwenye nyumba amefika." Akaniwekea mkono begani. "Mke wangu ana mimba. Mimi nilikuwa nashikilia nafasi tu. Migomba ni ya huyu, mitungi ni ya huyu. Ila bado yuko huko aliko, hawezi kushika pembe. Sasa nyie ndio mnaojua mila, niambieni. Mtoto ambaye baba yake amelala kaburini, nani anamwonjea?"

"Na akizaliwa msichana?" mzee mmoja akauliza.

"Ataoa, kama mimi nilivyooa. Jibuni nililouliza."

Mzee mkubwa akakuna kidevu. Hakuwa na haraka. "Anayemwonjea," akasema, "ni baba yake mdogo."

Wote wakamgeukia Mwita. Sijawahi kuona mtu mnene akipungua hivyo akiwa amekaa. Akikataa pembe, amemkataa mtoto wa kaka yake mbele ya ukoo. Akiipokea, amekiri mwenye nyumba ni mtoto, na atakuwa amemwonjea, na aliyemwonjea mtoto hamnyang'anyi mtoto. Akisema uongo, wazee watakunywa baada yake. Alimtazama Wankuru muda mrefu. Kisha akasimama, akaja akainama, akaichukua pembe mikononi mwangu kwa mikono yake miwili.

Akaonja. Nilitegemea ajigambe. Badala yake alifumba macho, na uso wake wote ukalegea, ukawa wa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. "Huu bado," akasema polepole. "Una harufu ya ganda la ndizi. Unywewe mwezi ujao." Nikachota mwingine. "Huu tayari. Huu jamani mmeuweka asali ya wapi?" Nikasema ya Morotonga, ya migunga. Akarudia, ya migunga, kama anajifunza. Mtungi wa pembeni aliunusa tu akaurudisha. "Mwaga." Wazee walikunywa, wakaitikia kwa vichwa, hakukosea hata mmoja. Kumbe yule mtu alikuwa na pua kuliko sisi wote, na alikuwa amezaliwa kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumpa pembe.

Jioni ile Wankuru alikaa jikoni pale pale petu. Kwa mazoea akasema, "Niambie." Halafu akakumbuka. Nikamwambia, "Mafuta ya taa, Mama." Tukacheka, halafu mimi nikalia, naye akanivuta akanilaza kichwa pajani pake. "Sasa tuko wawili," akasema. Nilimpenda Wankuru. Niliolewa naye kwa ng'ombe na nikampenda, na sijapenda mtu hivyo tena.

Nilijifungua mvulana. Tukamwita Chacha, jina la marehemu mume wa Wankuru. Baada ya uzazi mafua makali yakanishika, yalipoondoka yakaniachia pua nusu: nasikia moshi, petroli na kinyesi, vitu vya kunikimbiza tu. Vile vizuri havikurudi. Wankuru alikufa kabla mtoto hajaanza shule, mchana, kwenye kigoda chake, mkono ndani ya ungo wa ulezi. Nikabaki na mitungi, na kila mwaka Mwita akaja na shati lake jeupe kumwonjea mtoto. Mtoto akakua, akaenda Mwanza, akaokoka, akaacha hata kukaribia nyumba ya mitungi. Mwita akaendelea kuja. Sikumwambia pua yangu ilipokwenda, niliona aibu na niliogopa. Ila baada ya wazee kuondoka nilikuwa namkalisha jikoni, namwekea ugali na kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumbo la ng'ombe, alichokipenda na uchungu wake, halafu nasema, "Haya shemeji, niambie." Naye anasimulia, mtungi kwa mtungi. Alikuwa anasimulia vibaya mwanzoni, maneno ya mnunuzi. Baadaye alikuwa hodari.

Mwaka jana alipokuwa amelazwa, Bhoke akatoka kuchota maji, Mwita akaniambia, "Wewe husikii harufu. Nilijua mtoto akiwa bado mgongoni. Nilikupa ulioanza kuchacha ukasema ni mzuri." Nikakosa pa kuweka uso. Nikamuuliza kwa nini hakusema, angepewa shamba siku hiyohiyo. Akageukia ukutani, nikadhani amelala. "Ningepewa shamba," akasema. "Halafu nikionja, nimwambie nani?"

Chacha amekuja kuzika. Asubuhi iliyofuata mazishi, kabla hajaenda kupanda basi, nilimwomba anionjee mitungi. Akakataa kwa adabu, ameokoka, nami ninaheshimu. Nikamwambia, "Basi usionje. Simama mlangoni tu, unuse, mimi nitabandua udongo." Akatazama saa, akatazama uso wangu, akaja. Akainama kuingia, akasimama mikono nyuma kama yuko ibadani. Hajawahi kufundishwa na mtu. Nikabandua wa kwanza, nikabandua wa pili, nikafika wa pembeni, akakunja uso. "Huo umeharibika, Mama. Unanuka msumari." Nikahema. Ni kweli, wa pembeni hupigwa na jua la ukutani.

"Na mingine?" nikamuuliza. "Niambie."

Akafumba macho, na nikamwona Mwita, na nikamwona Wankuru.

"Sijui niseme nini," akasema. "Inanukia wewe. Nilipokuwa mdogo, ukinibeba, ulikuwa unanukia hivi."

Nilimwambia asogee kando ya mlango, ananizibia mwanga, nikainama, nikaendelea kubandua udongo.